Kwa Nini Hatukuwa Tunauza Viazi Beni

Mbusa, wewe na wenzako mnaoendesha malori ya vyama vya wakulima kati ya Kirumba na Butembo, mmeniomba niandike yale niliyojifunza kwa miaka yangu kwenye usukani. Ni heshima kubwa. Nakumbuka tu kwamba nilipokuwa bado kazini hakuna aliyeniuliza hata namna ya kubadilisha gurudumu, lakini sasa nakaa nyumbani Butembo nikichambua maharage na mke wangu, ghafla nimekuwa maktaba. Haya basi. Habari za vyeo ni hizi: nilianza dereva, nikamaliza dereva. Habari za mshahara ni fupi kuliko hizo.

Mmeuliza pia swali moja ambalo mngefanya vizuri kulisahau: kwa nini miaka yote ile chama cha akina mama wa Alimbongo, kule milimani, hakikuwahi kupeleka viazi Beni, wakati siku hizi wewe Mbusa unakwenda kila juma na kurudi na lori tupu. Nitalijibu kwa zamu yake. Dereva mzuri hafiki kabla ya kuondoka.

Kazi nilifundishwa na Mzee Paluku, dereva wa mfanyabiashara mmoja wa Butembo, mtu aliyeamini kwamba kumwambia mwanafunzi "vizuri" ni kumharibu. Siku ya kwanza nilikwenda na suruali iliyopigwa pasi. Aliitazama kwa huzuni, akanipa ndoo ya mazutu, yaani dizeli, na gia za gearbox iliyofunguliwa, akaniambia nizioshe moja moja mpaka aone uso wake ndani yake. Nilifanya hivyo majuma matatu. Uso wake haukuwa wa kutamanika, lakini hatimaye aliuona. Juma la nne akaniruhusu kupanda, upande wa abiria, bila kugusa kitu.

"Sikiliza tu," akasema. "Mota inasemaka mbele ya kuharibika. Mutu njo anaharibikaka bila kusema."

Nilidhani anamsema bosi wake.

Mambo yake mengine niliyashika vizuri. Ukiingia kwenye matope usipigane na usukani, uache uchezecheze mikononi, lori linajua linakotaka kwenda kuliko wewe. Ukisimama kwa kuharibikiwa, tandaza matawi barabarani hatua hamsini nyuma na hamsini mbele, na ukiondoka uyatoe, usiwe mjinga anayewaachia wenzake matawi ya bure. Usimwamini mtu anayekuambia "daraja liko sawa" kama mwenyewe ana viatu vilivyokauka. Na jambo la mwisho: asubuhi za baridi kule juu, betri hulala, kwa hiyo jioni paki kwenye mteremko ili kesho lori liwake kwa kuteremka. Kwa Mzee Paluku hiyo ilikuwa dawa ya siku moja moja. Mimi niliifanya chakula.

Mzee Paluku alipoacha kazi, chama cha akina mama wa Alimbongo kilikuwa kinatafuta dereva. Walikuwa wamenunua lori kuukuu kutoka kwa mfanyabiashara ambaye, waliniambia, alilia machozi siku ya kuliuza. Walifikiri ni mapenzi. Mimi nilipofungua boneti nilielewa kwamba yalikuwa machozi ya mtu aliyefunguliwa kutoka jela. Mlango wa kushoto ulifungwa kwa kamba. Waipa ilikuwa moja, na ilifanya kazi siku za jua tu. Honi ilitaka ugusanishe nyaya mbili na uwe na imani. Lakini mota, ndugu zangu, mota ilikuwa ya zamani zile, isiyohitaji umeme wowote ikishawaka, ingepanda na magunia ya viazi mpaka mbinguni kama kungekuwa na barabara.

Watu wawili mnapaswa kuwajua. Mama Kavira alikuwa présidente wa chama: mlimaji wa viazi, mwembamba, wa maneno machache, na macho yake yalikuwa yanamaliza kazi ambayo mdomo haukuianza. Mama Kahindo ndiye aliyekuwa mkubwa wao kwa umri, mnene wa sauti, mwenye alama ya kamba kwenye paji la uso kutokana na kubeba mizigo mgongoni tangu usichana. Yeye ndiye aliyelipa lori jina la Koko, bibi, na kila asubuhi alimsalimu kwa Kinande kabla ya kunisalimu mimi.

Siku ya kuajiriwa waliniuliza kama namudu gari la umri ule. Nikasimama mbele ya akina mama arobaini nikatangaza: "Bamama, chini ya mikono yangu, hii kamyo haitakatala kuwaka hata siku moja." Hakuna aliyeniomba niseme hivyo. Wakapiga makofi, Mama Kahindo akapiga vigelegele, na mimi nikaota mabawa.

Mwaka wa tatu Koko akaanza kukataa. Kwa wale ambao hawajawahi kufungua kitu: demarreur ni mota ndogo ya umeme inayoamsha mota kubwa, kwa kuuma meno ya gurudumu la chuma tunaloliita couronne. Demarreur ya Koko ilikuwa nzima. Meno ya couronne ndiyo yaliyoliwa, na kuyafikia lazima uteremshe gearbox yote, utafute couronne nyingine Butembo au ng'ambo, na lori likae juu ya magogo majuma matatu. Nikajiambia: nitaifanya baada ya mavuno. Ni mpango mzuri kabisa, ila Alimbongo mavuno hayaishi. Viazi vikiisha ni kabichi, kabichi ikiisha ni poaro, yaani vitunguu vya majani, poaro ikiisha viazi vimerudi.

Ningeweza kuwaambia. Swali hilo nimejiuliza mara nyingi juu ya sahani hizi za maharage. Lakini siku zile kulikuwa na dereva mmoja wa Kirumba aliyekuwa anapita pita kwa Mama Kavira akijisifu, na mimi nilikuwa nimeshaapa mbele ya watu arobaini na vigelegele juu. Basi nikanyamaza juma moja. Juma la pili kunyamaza kulikuwa rahisi zaidi. Baadaye ikawa sehemu ya kazi, kama kupima mafuta.

Kwa faida ya elimu, kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unapaki pua ikitazama chini, kabari ya mti mbele ya gurudumu, kwa sababu breki ya mkono ya Koko ilikuwa pambo. Wakati wa kuondoka unaingiza gia ya pili, mguu kwenye klachi, mtu anavuta kabari, unahesabu mpaka nne, unaachia. Mama Kahindo ndiye aliyekuwa anavuta kabari. Aliamini anasaidia breki. Pasipo mteremko, unaacha mota inawaka hata kwa muda wa saa tatu, na ukiulizwa unasema mota ya zamani lazima ipumue. Nilisema hivyo kwa uso mkavu. Baada ya mwaka niliwasikia akina mama wenyewe wakiwaeleza wageni, kwa fahari, kwamba Koko wao si kama magari mengine, yeye anapumua.

Butembo ni mji wa vilima, Mungu awabariki walioujenga. Tatizo lilikuwa soko letu, ambalo lilikuwa mahali tambarare. Na kuacha mota iwake sokoni siku nzima, mazutu yangekwisha na watu wangeuliza. Kwa hiyo nilipaki juu, kwenye barabara ya mteremko, na akina mama wakateremka na magunia mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Niliwaambia polisi wa sokoni wanawasumbua madereva, wakiona lori karibu wanachukua karatasi. Mama Kahindo alikuwa na kipimo chake cha umbali ule: makumi mawili ya rozari, yaani Salamu Maria ishirini, kwenda, na moja na nusu kurudi bila mzigo. Alikuwa anasali kweli, midomo inacheza chini ya kamba. Mimi nilikaa kwenye usukani nikilinda gari dhidi ya polisi ambao hawakuwepo.

Sasa Beni. Wachuuzi wote waliotoka kule walisema neno lilelile: viazi vya milimani Beni wanavipokea kwa mikono miwili, kwa sababu joto la kule haliwapi vyao. Kila wazo hilo lilipozuka kwenye mkutano, nilitikisa kichwa polepole. "Njia ya Beni, bamama. Munasikiaka habari."

Walisikia. Sote tulisikia. Kuna miezi ambayo njia ile hakuna mtu mwenye akili angepita, na watu wa Beni walikuwa wanazika wapendwa wao. Lakini kuna miezi mingine ambapo malori ya Butembo yalikwenda na kurudi salama, na mimi nilisema maneno yaleyale kwa sauti ileile. Hapa sina mzaha wa kuweka. Beni ni mji uliotandazwa kama mkeka, sikuwa nimeona mteremko wa kunifaa kule, na mimi niliazima msiba wa watu kuficha gurudumu la meno. Naona aibu zaidi kuiandika kuliko nilivyoona aibu kuifanya, na hiyo yenyewe ni aibu nyingine.

Mara moja tu sikuweza kukwepa. Mama Kavira alikuwa anamwoza mpwa wake kule Kalunguta, kwenye njia ya Beni, na kabichi za karamu lazima ziende. Mama Présidente mwenyewe akakaa mbele, kando yangu, na kitambaa kipya kichwani. Nilikuwa nimeuliza mapema kuhusu uwanja wa nyumba ile, nikaambiwa una mteremko mzuri. Nilifurahi kuliko bwana harusi. Ila hakuna aliyeniambia habari za barrière, kizuizi cha askari barabarani, na barrière waliiweka mahali palipolala kabisa.

"Boma moteur!" askari akapiga kelele, yaani nizime.

Nikamweleza kwa adabu zote kwamba mota hii ni ya zamani, inapumua.

"Boma moteur, nalobi!" Yaani, nimesema.

Nikazima. Walitazama karatasi, wakatazama kabichi, kabichi ziliwapendeza zaidi. Wakafungua kizuizi. Nami nikabaki nimekaa, mikono kwenye usukani, natazama mbele kama mtu anayesubiri Noeli. Mwishowe nikasema betri imechoka. Mkubwa wao akacheka mpaka akakohoa, kisha akawapigia wenzake kelele: "Tindika!" Askari sita wakaweka bunduki mgongoni wakasukuma lori la kabichi, mmoja akapoteza kofia yake chini ya gurudumu, na Koko akawaka kwa kikohozi kikubwa cha moshi mweusi juu ya jeshi zima. Walidai kabichi nne. Sijawahi kuwapata mafundi wa bei nafuu namna ile.

Tulipopita mbali kidogo, Mama Kavira akaniuliza bila kugeuka: "Batiri njo ilichoka?"

"Ilichoka, Mama Présidente."

"Pole."

Niliichukua pole ile kuwa ushindi. Haikunijia akilini kwamba wakati wote tuliosimama pale barrière taa za mbele zilikuwa zinawaka, na zilikuwa zinawaka vizuri kabisa.

Mwaka uliofuata chama kikawa na uwezo wa kufanya jambo moja kubwa. Ama Koko afunguliwe wote, mwili na roho, afanywe upya. Ama wanunue lori la umri mdogo zaidi, ambalo Hadji Ramazani, msafirishaji wa Beni, alikuwa analiuza. Jambo moja tu, si mawili. Wakikosea, hakuna mara ya pili, na mavuno ya akina mama arobaini yanaozea shambani. Wakasema juu yangu: Papa Kasereka njo anajua mambo ya mashini, aende na Mama Présidente aliangalie, atuletee ripoti. Jambo la busara sana. Walimtuma fisi kukagua zizi. Koko akifunguliwa, ningebadilisha couronne bila mtu kujua; akiuzwa, mnunuzi angeigundua siku ya kwanza.

Tulikwenda na basi ndogo, mimi na sanduku la vyombo na nia mbaya. Hadji Ramazani alitupokea kwa chai ya tangawizi, akaniwekea ufunguo mkononi, akasema: "Papa, fungula fasi yote. Miye hapana ficha kitu. Kama kuko bubaya, uniambie na miye nijue." Mtu wa namna hiyo anakera kweli unapokuwa umekuja kutafuta ubaya.

Nilitafuta saa nzima. Niliingia chini, nikapiga nyundo hapa na pale, nikanusa mafuta, nikavuta mikanda, nikapima kucheza kwa magurudumu. Nikatoka na vumbi mgongoni na mikono mitupu. Ndipo Hadji akasema, "Tia moto usikilize," yaani niwashe mota. Uwanja wake ulikuwa sawa kama meza. Nikapanda. Macho yangu yakaanza yenyewe kutafuta mteremko kushoto, kulia, kwa mazoea. Kisha nikageuza ufunguo, na lori likawaka. Ni hivyo tu. Likawaka. Nilizima, nikawasha tena. Nikazima, nikawasha mara ya tatu.

"Papa, kuko kelele fulani?" Hadji akauliza kwa wasiwasi.

"Hapana," nikasema. "Hakuna kelele."

Mama Kavira alikuwa amekwenda kutembea sokoni. Alirudi na kiazi kimoja mkononi, kidogo, kimenyauka, akaniwekea kwenye kiganja. Akasema wanakinunua hivyo hivyo. Kisha akatazama barabara ya Beni, upande huu na upande ule.

"Beni iko plat, Papa Kasereka."

"Ndiyo, Mama."

"Plat sana."

Nikamwambia mji umekuwa tambarare kwa sababu ya joto.

Ripoti yangu ilikuwa na makosa sita ya lori la Hadji, na niliisoma nyumbani kwa sauti mara mbili kwa kuipenda. Kiti ni laini, kitaleta usingizi. Rangi ni nyeupe, inaonyesha matope. Lina filimbi inayolia usipofunga mkanda, jambo la kumdhalilisha mtu mzima. Halina historia na sisi. Boneti yake inafunguka kirahisi mno, wezi watafurahi. Na lina ordinateur ndani, ambayo mafundi wa Kirumba hawaijui. Hilo la mwisho lilikuwa la kweli, Mbusa, na bado ni la kweli, ndiyo maana nakuambia kila siku ujifunze kile kikompyuta kabla hakijakufundisha wewe. Moja katika sita. Kuna manabii walioishi kwa wastani mdogo zaidi.

Mikutano yetu tulikuwa tunaifanya juu, karibu na kanisa, mahali penye mteremko safi. Safari hii Mama Kavira akatangaza tukutane kwenye uwanja wa mpira wa shule. Mjue kwamba Alimbongo hata kuku hutaga mayai kwa wasiwasi yasije yakabingirika. Mahali tambarare ni pamoja tu, na ndipo alipopachagua, akasema Koko aletwe ili wanachama wamwone wakimjadili. Nikafika, nikapaki katikati ya uwanja, nikaacha mota inapumua.

Nilizungumza vizuri, siwezi kujinyima sifa hiyo. Nilisoma makosa sita. Nikawakumbusha kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Nikasema Koko anaijua njia, anawajua wao, amebeba viazi vyao, wagonjwa wao, maharusi wao. Wengine walifuta macho. Kisha Mama Kahindo akasimama, na alikuwa wakili bora kuliko mimi.

"Miye ninazeeka na Koko," akasema. "Kama munauzisha yeye juu anazeeka, kesho munaniuzisha na miye. Papa Kasereka alituahidi Koko haitakatala kuwaka. Ilikatala siku gani? Museme! Siku gani?"

Vichwa vikaanza kukubali, safu baada ya safu. Nilikuwa nimeshinda, na nakiri kwamba nilisikia raha.

Mama Kavira akainua mkono. "Papa Kasereka, zimisha mota, hatusikilizane."

Nikasema inapumua.

"Ishapumua. Zimisha."

Jozi arobaini za macho zilikuwa juu yangu. Nikapanda, nikavuta kamba ya kuzimia mota. Tulimsikia mbuzi wa jirani akitafuna.

"Wasingya," akasema, asante. "Sasa mbele ya kupiga kura, tia moto."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi niliumbuliwa na uwanja wa mpira. Nilikaa mle ndani nikitazama goli la upande wa pili. Nilifikiria betri. Nilifikiria kusema mazutu yamekwisha. Nilifikiria hata kuzimia, mtu wa umri wangu angeaminiwa. Lakini Mama Kavira alikuwa amesimama mbele ya boneti, mikono nyuma, bila hasira, na nikaona kwamba anajua, kwamba alijua tangu Kalunguta, na kwamba alinipa mwaka mzima wa kusema mwenyewe. Hilo ndilo lililonivunja. Nikashuka.

"Haiwezi," nikasema. "Haiwake bila mushuko. Couronne ilikufa."

"Tangu wakati gani?"

Sikuweza kutaja mwaka. Nikasema tangu juma alilozaliwa mjukuu wa kwanza wa Mama Kahindo.

Mtu akasema polepole nyuma: "Ule mutoto iko secondaire sasa."

Mama Kahindo alikuwa bado amesimama. Alinitazama kama anayejaribu kukumbuka jina langu. "Na mapolisi ya soko?"

"Hakukuwa na mapolisi, Mama."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Akagusa paji la uso, pale penye alama. "Mu ile makumi mawili," akasema, "moja nilikuwa naombea watoto yangu. Ya pili nilikuwa naombea weye. Mapolisi basikukamate."

Nimeshawahi kukwama siku nne kwenye matope, nimeshawahi kuona gurudumu langu likinipita kwenye kona na kutangulia Kirumba. Sijawahi kutaka ardhi ifunguke kama nilivyotaka pale. Nikawaambia na mengine yote, pamoja na Beni, kwa sababu nilipoanza sikuona tena pa kusimama. Nikasema: nunueni lile la Hadji, ni zuri, linawaka popote, nililiwasha mara tatu. Nikasema na mimi niondoke.

Kura haikuhesabiwa. Mikono ilinyanyuka yote, na wa Mama Kahindo ulikuwa wa mwisho. Habari zangu Mama Kavira alizikata kwa maneno machache kama kawaida yake: nitakaa mpaka nimfundishe dereva mwingine kila ninachojua, "na ile unafichaka pia." Dereva huyo ni wewe, Mbusa. Sasa unajua kwa nini nilikuambia vitu vingi kuliko ulivyouliza.

Ikabaki shida ndogo: Koko alikuwa katikati ya uwanja, na watoto wa shule walikuwa wanangoja kucheza. Nikasema nitakwenda barabarani kutafuta lori la kutuvuta. Mama Kahindo alikunja kitenge chake kiunoni, akazunguka nyuma ya Koko, akaweka viganja vyote viwili kwenye ubao. Wengine wakamfuata, mmoja mmoja, mpaka sikuona tena ubao wenyewe. Nikapanda, nikaingiza gia ya pili, nikashusha kioo ili nisikie wakiwa tayari.

"Papa Kasereka!" aliita kutoka nyuma. "Ungelisema tu! Tungelikuwa tunasukuma!"

Wakasukuma. Koko akawaka kabla hatujafika golini. Ilikuwa kazi ya dakika moja.